Mtu Mwingine Bado Anatumia Kompyuta Hii

Nianze na waliokuwepo, ili msiulizane katikati. Kwenye mazishi ya Mama Shiku tulikaa benchi moja, watu wale wale tuliokuwa katika chumba cha kompyuta asubuhi ya mtihani, isipokuwa yeye mwenyewe aliyekuwa mbele yetu ndani ya sanduku. Mwanzo wa benchi alikaa Mzee Langat, mwenyekiti wa kile chumba, na fimbo yake katikati ya magoti. Kando yake Kiprono, fundi wa kompyuta kutoka Kapkatet, ambaye ni mtoto wa dada ya Mzee Langat. Asubuhi ile ya mtihani Kiprono hakuwa chumbani kwa mwili, alikuwa Bomet, lakini sauti yake ilikuwa kwenye simu na mkono wake ulifika kwa mtandao, kwa hivyo namhesabu. Halafu mimi Tabitha, mtunza chumba. Halafu Dina Chepkirui, aliyeolewa kwa jirani yangu wa chini, mashamba yetu ya chai yanagusana. Wa mwisho kuja ni Tina, Christina kwa jina la ubatizo, kitinda mimba wa Mama Shiku. Alitakiwa kukaa mbele na dada yake Shiku na watu waliokuja kutoka Murang'a, lakini wimbo wa kwanza ulipoisha aliinuka, akaja akajibana kati yangu na Dina. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama Shiku hakuwa Mkipsigis kama sisi, kwao ni Murang'a, lakini alikuwa na duka pale njia panda tangu barabara ikiwa udongo mtupu, na watoto wake wote walizaliwa hapa, katika hospitali hizi hizi zetu.

Watu wakitaja mwaka uliowalea husema mwaka wa kuolewa, au mwaka wa kutoka nyumbani. Mimi mwaka wangu ulinikuta nina wajukuu na meno ya juu yameanza kuniaga. Nilisoma mpaka darasa la nne nikaenda kuchuma chai, na mikono yangu ilikuwa imezoea kikapu, haikuwa imezoea mausi. Chumba kilikuwa stoo ya mbolea ya kanisa. Walipaka rangi nyeupe, wakaweka dari, wakaleta meza ndefu, lakini harufu ya mbolea haikutoka. Siku ya joto ilikuwa inakuja pole pole kutoka sakafuni, na watu wakiingia walikuwa wanaangalia viatu vyao kwanza. Mimi nilipewa ufunguo kwa sababu nakaa karibu, na kwa sababu Mzee Langat alisema nyanya mmoja mlangoni anafukuza wezi vizuri kuliko kufuli mbili. Kazi ilikuwa kufagia, kupika chai ya saa nne, na kuangalia nani ameingia na nani ametoka. Hiyo ya mwisho ndiyo ilinifundisha kompyuta.

Maana kompyuta ilikuwa moja tu. Hilo watu walichelewa kulielewa. Kulikuwa na sanduku moja jeusi chini ya meza, ndani ya kizimba cha mbao alichotengeneza Mzee Langat ili watoto wasilipige teke, na kutoka kwa hilo sanduku nyaya zilienda kwenye skrini tano, kila skrini na kibodi yake na mausi yake. Watu watano wanakaa, kila mmoja anaona ana kompyuta yake, kumbe wote wananyonya kwa mmoja. Tulikuwa tunaita lile sanduku Mama. Sheria kubwa ya chumba ilikuwa neno moja: ukimaliza kazi yako, toka, usizime. Ukitoka, umejiondoa wewe. Ukizima, umewazimia wote. Miezi ya kwanza haikupita wiki bila mtu kuzima kwa heshima, vile alivyofundishwa nyumbani kuzima taa akitoka, na wengine wanne kupiga kelele kama watu walioangukiwa na paa.

Kiprono alikuja kunifundisha vitu vidogo vya kuokoa siku. Aliponiambia ile kitu ndani ya Mama inaitwa Windows, na kwamba maana yake ni madirisha, nilimuuliza mbona madirisha matano yanafungwa na mlango mmoja. Akacheka, akaniita nyanya kwa Kipsigis, akasema, "Kogo, hilo swali ndilo kazi yangu yote." Alinionyesha skrini yangu, ya kwanza karibu na mlango, ambayo ilikuwa na orodha ya walioketi. Kiti kikiganda, kwanza shika waya, uone kama haijalegea. Kama waya ni nzima, tafuta jina la mtu kwenye orodha, libonyeze, halafu bonyeza pa kumtoa. Anatoka, anaingia tena, maisha yanaendelea. Kiingereza sikuwa nacho, lakini majina nilijua kwa sura, kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Dina lilianza na herufi yenye tumbo. Tina lilianza na yenye kofia. Sikuwahi kuchanganya tumbo na kofia.

Na alinifundisha apdeti. "Ni kama kupruni chai, Kogo," alisema. "Ukikata kichaka, siku hizo hupati jani. Usipokikata, kinakuwa msitu. Sasa ukiona duara linazunguka kwenye skrini, ujue kichaka kimekatwa. Usiende na kikapu." Apdeti ya kwanza niliyoiona aliifanya mwenyewe likizo ya Aprili, watu wote wakiwa wametolewa. Tulikaa naye siku nzima tukila viazi vitamu na maziwa ya kibuyu, tukiangalia namba ikipanda, na Mama alipoamka, alikuwa amesahau watoto wake. Mzee Langat aliketi kiti cha pili kujaribu, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, jina likatokea kwenye skrini ya tatu, ambako hakukuwa na mtu. Alitoa mikono kama aliyeguswa na stima. "Kiprono! Hii kitu inaniandika wapi?"

"Mjomba, tulia. Amesahau kibodi gani ni ya skrini gani. Tutamkumbusha."

Akapita kiti kwa kiti, akibonyeza, mpaka kila mkono ukarudi kwa uso wake. Ilimchukua muda mrefu, na ilitaka mtu anayejua. Mimi nilicheka siku hiyo mpaka machozi.

Mwaka huo huo kanisa lilikuwa linajenga darasa la chekechea nyuma ya stoo. Nafasi ya mwalimu ilikuwa moja, na waliokuwa wanasomea kazi hiyo hapa kwetu walikuwa wawili, Dina na Tina, kwa mtandao, katika chumba changu. Walikuwa wanakaa kiti cha pili na cha tatu, bega kwa bega. Dina alikuwa anakuja na mikono iliyotiwa weusi na majani, ameamka mapema akachuma kwanza. Tina alikuwa anakuja na mandazi ya mama yake yamefungwa kwa karatasi. Walikuwa wanagawana mandazi na maswali. Sijui kama ni urafiki. Walikuwa wanaongea kwa adabu, kama watu wawili wanaojua kitanda ni kimoja na usiku utafika. Tina alikuwa ananiita Shosho, nyanya kwa lugha ya mama yake, Dina Kogo, na nikiitwa na wote wawili pamoja nilikuwa nahisi kama nina vichwa viwili.

Mahali nilipokuwa nasikia ukweli ni kituo cha kupimia majani. Pale wanaume wakingoja lori wanaongea kama wanawake hawana masikio. Siku moja nimeshusha kikapu changu nikasikia mmoja, jina lake nalijua lakini amekufa na ana watoto, nimwache, akisema, "Mtoto wa duka ana duka. Huyu wetu ana nini?" Mwingine akasema kanisa ni la wote. Yule wa kwanza akasema, "La wote ndiyo. Lakini ardhi ya kanisa ilitolewa na nani?" Wakanyamaza, kwa sababu Mama Shiku alikuwa anapita barabarani na kreti ya mkate kichwani. Akawasalimia. Wote wakamjibu vizuri, hata yule. Yeye alikuwa anajibu salamu za Kipsigis vizuri kuliko watoto wetu wa mjini. Nilimwangalia akienda mpaka akapinda kona, na moyo wangu haukutulia, lakini nilijiambia ni maneno ya kungoja lori.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Alhamisi asubuhi. Ulikuwa unafunguliwa kwa mtandao na unafungwa saa sita mchana kamili, umalize usimalize. Asiyemaliza anangoja mwaka mwingine, na nafasi ya chekechea haikuwa ya kungoja mtu mwaka mwingine. Mzee Langat alifungia watu wengine nje, viti vitatu vikabaki tupu, ili wasichana wapate Mama mzima kwao wawili. Kiprono alikuwa ameitwa kazi Bomet, akaacha simu wazi. Mama Shiku alileta chupa ya chai na mandazi, akaomba kukaa karibu na dirisha, akasema hatasema neno. Dina alivaa sweta ya kanisani. Tina alikuwa amesuka upya. Nilisikia vidole vyao vikianza, tap tap tap, kama mvua ndogo kwenye mabati, nikasema moyoni, sasa ni Mungu na stima.

Hawajafika nusu, upande mmoja wa mvua ukakatika. Tina alikuwa ameshika mausi, anaisukuma, mshale umekwama. "Shosho," aliita, kwa sauti ndogo. Nikaenda nikashika waya. Waya ilikuwa nzima. Nikarudi kwenye skrini yangu. Pembeni chini kulikuwa na kile kidude cha duara chenye mishale, alama ya apdeti, na sikuwa nimeiita. Ilikuwa imejileta yenyewe, inajipakia kimya kimya ndani ya Mama, na Mama alikuwa amelemewa. Mzee Langat alikuwa ameshapiga simu, ameweka sauti nje, anaishika mbele ya mdomo kama mtu anayepuliza chai.

"Usiguse kitu, Kogo," Kiprono alisema. "Naingia kutoka huku." Mshale kwenye skrini yangu ukaanza kutembea peke yake. Nilikuwa nimeuona ukifanya hivyo mbeleni na bado ngozi ilinisimama. "Kuna kiti kimeganda kwa sababu ya apdeti. Namtoa mtu huyo, ataingia tena, atakuta alichohifadhi. Naona wawili hapa. Nitoe nani?"

"Tina!" akasema Mzee Langat. "Toa Tina!"

"Dina?"

"Ndiyo. Tina!"

Nyinyi mnaojua midomo yetu mtanielewa. Sisi tuliozaliwa na Kipsigis, hizo herufi mbili ni ndugu wa tumbo moja, tunamtuma mmoja anakwenda mwingine. Kwenye karatasi ni tumbo na kofia. Kwenye simu, ndani ya kelele za barabara ya Bomet, ni kitu kimoja. Mimi niliona mshale umeshuka kwenye orodha, umesimama juu ya tumbo. Nilifungua mdomo. Ilikuwa imeshabonyezwa.

Skrini ya Dina ikawa ya samawati, tupu. Vidole vyake viliendelea kidogo, kama kuku aliyechinjwa, halafu vikasimama. Aligeuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniogopesha. "Nilikuwa katikati ya insha," alisema. "Nilikuwa sijahifadhi. Nani amenitoa?" Halafu akaangalia skrini ya Tina, ambayo kutoka pale alipokaa ilionekana bado ina mtihani, imejaa maandishi. "Nimetolewa mimi, huyu akaachwa?"

Na wakati huo huo, kutoka dirishani, Mama Shiku ambaye hatasema neno alisema, "Mtoto wangu amefungiwa tangu saa ile, na mnashughulika na mwingine?"

Sasa fikirieni chumba hicho. Neno moja limetoka katika mdomo wa mzee mmoja, na watu wawili wamelisikia kama lilielekezwa kwao kwa ubaya, kila mmoja kutoka upande wake. Mzee Langat alianza kujitetea kwa Kipsigis, na hiyo ikaharibu zaidi, kwa sababu Tina alisema, "Ongeeni Kiswahili tusikie wote, tafadhali." Kiprono kwenye simu alikuwa anaita, "Mjomba? Nini? Nimetoa nani?" Nilimnyang'anya Mzee Langat simu. Mimi sijawahi kumnyang'anya mwanamume mzee kitu mkononi, wala sijarudia. Nilisema, "Umetoa mwenye tumbo. Aliyeganda ni mwenye kofia." Huko Bomet akasema, "Mungu wangu. Mwambie Dina aingie sasa hivi."

Dina aliingia. Kurasa alizohifadhi zilikuwepo, insha haikuwepo. Aliuma midomo, akaanza upya, na sikumsikia tena. Kiprono akajaribu kumtoa Tina. Akajaribu tena. Kiti kilikataa, kimeshikwa na apdeti kama nguo kwenye mlango wa gari. Tina akahamia kiti cha nne, akafungua mtihani kwa upya, na mtihani ukamkataa: ulisema yuko ndani tayari, kwa mlango mwingine, na mtu haingii kwa milango miwili. Akajaribu kwa simu yake. Jibu lile lile. Alikuwa amefungiwa ndani ya chumba ambacho hayumo.

"Iko njia moja," Kiprono alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kuzima Mama na kumwasha, apdeti imalize. Tina atafunguliwa. Lakini nikizima, Dina naye anatoka. Na apdeti ikishaanza, siwezi kuwaambia itachukua muda gani. Inaweza kuisha haraka. Inaweza kupita saa sita. Wote wawili wakose."

"Na tukimwacha Dina amalize kwanza?" nikauliza.

"Basi huyo mwingine hatapata muda, Kogo."

Kwenye skrini yangu kikatokea kibao na maneno ya Kiingereza. Niliyaona yana macho mabaya. Nikamwomba Mzee Langat asome, hakuwa na miwani. Dina ndiye alisoma, kutoka kitini kwake, bila kuacha kuandika, akatafsiri: "Kinasema mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii. Ukizima sasa, anaweza kupoteza kazi yake." Akasoma kama mtu anayesoma bango la barabarani. Halafu vidole vikapungua.

Kiprono alisema, "Mimi sibonyezi. Nimeshatoa mtu kimakosa leo. Abonyeze aliye hapo." Mzee Langat aliangalia sakafu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi. Nilijua nikibonyeza, jioni ile kwenye kituo cha majani watasema nini juu yangu. Nilijua nisipobonyeza, sitaingia dukani kwa Mama Shiku tena bila kuona uso wa Tina.

Ndipo Mama Shiku akainuka kutoka dirishani, akaja akasimama nyuma yangu, karibu hata nikasikia pumzi yake kwenye kitambaa changu. Alisema pole pole, kwangu peke yangu, "Mama Tabitha, mwache Dina amalize. Sitaki Tina apate kazi halafu kila asubuhi niogope kufungua duka."

Alisema hivyo tu, bila kulia wala kulaumu mtu. Alikuwa ananipa hesabu ambayo ameshaipiga siku nyingi. Nilikuwa nimenunua chumvi kwake miaka yote hiyo. Nilikuwa nimemkopa sabuni, nimemsaidia kuzalisha ng'ombe, nimekaa naye matanga mawili. Sikuwahi kujua kwamba asubuhi, kabla ya kusukuma ule mlango wa mabati, alikuwa anasimama nyuma yake kwanza, anasikiliza barabara. Yale maneno niliyoyasikia kituoni nikayaita ya kungoja lori, yeye alikuwa anaishi nayo. Huo ndio mwaka nilijifunza kompyuta, lakini nikiulizwa nilijifunza nini, hilo ndilo najibu.

Chumba ni kidogo. Dina alikuwa amesikia. Kibodi yake ilikuwa kimya. Aligeuka na kiti, akamwangalia Mama Shiku, na shingo yake ilikuwa imesimama mishipa.

"Mama, hiyo ndiyo unafikiria ukiniuzia mkate?"

Mama Shiku alishika mgongo wa kiti changu.

"Mimi nikifaulu kwa sababu wewe unaogopa, nitafundisha watoto nini?" Akahifadhi ukurasa wake. Alikuja mpaka kwangu, akaondoa mkono wangu kwenye mausi pole pole, kama mtu anayeondoa mkono wa mtoto kwenye moto, akasema, "Nipishe, Kogo." Akabonyeza.

Skrini zote tano zikazimika pamoja. Hata Mama alinyamaza chini ya meza, halafu akaanza kunguruma, duara likaanza kuzunguka, na namba ikaanza kupanda. Mama Shiku alimimina chai vikombe vyote na hakuna aliyekunywa. Utando wa maziwa uligandia juu. Namba ilifika thelathini ikakaa. Mzee Langat alitoka nje, akarudi, akatoka. Tina alikuwa amefunika uso na Dina alikuwa amesimama anatazama ukuta, anasema insha yake kwa midomo bila sauti, ili asiisahau. Kwenye simu nilisikia Kiprono anapumua. "Kichaka kimekatwa, Kogo," alisema. "Usiende na kikapu."

"Nyamaza," nilimwambia.

Mama aliamka saa sita ikiwa karibu. Wasichana waliruka kwenye viti vyao, cha pili na cha tatu. Tina alianza kuandika jina lake, na jina la Tina likatokea mbele ya Dina. Dina akabonyeza, ikaandika mbele ya Tina. Mama alikuwa amesahau watoto wake tena. Kiprono akasema anahitaji muda awapange upya, kiti kwa kiti, na Dina akasema, "Muda wa nani?" Akavuta kiti chake mpaka kikagonga cha Tina. "Wewe tazama yangu, mimi nitazame yako. Vidole vibaki hapo hapo." Na waliandika hivyo, kila mmoja akipiga kibodi iliyo mbele yake na shingo imepindwa kwa skrini ya mwenzake, mabega yamegandana, viwiko vinagongana. "Sogea," mmoja anasema. "Sogea wewe." Ukiingia ghafla ungedhani wanapigana. Sisi watu wazima watatu tulisimama nyuma yao na hatukuwa na kazi yoyote.

Tina alituma mtihani wake ukapokewa. Dina alikuwa kwenye insha, anaikimbiza, na ukurasa ukafungwa mbele ya macho ya Tina, kwa sababu skrini ile ilikuwa mbele ya Tina. Ni Tina aliyepiga kelele. Dina aliweka mikono mapajani akasema, "Basi." Mama Shiku aliketi chini, kwenye sakafu yenyewe ya mbolea, akavua kitambaa cha kichwa akajifunika nacho uso.

Majibu yalipokuja, Tina alifaulu na Dina alianguka kwa insha ile. Kamati ya kanisa ilimpa Tina nafasi. Kituoni walisema waliyosema, na wengine walisema Dina alijikata mwenyewe kwa panga lake, na mume wake alikaa siku nyingi haongei naye vizuri, hilo sitalificha. Siku chekechea ilipofunguliwa wanaume walikuwa wamesimama na magunia yao barabarani wakati Dina alipopita, amemshika mkono mtoto wake Kibet, kaptura mpya, miguu imepakwa mafuta. Yule niliyesema simtaji akamwita, "Dina! Unampeleka mtoto kwa aliyekuchukulia kazi?"

Dina hakusimama. "Nampeleka kwa mwalimu. Wewe wako unampeleka wapi?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Wiki ile niliona watoto wakiongezeka, mmoja mmoja, hata wa yule. Na Mama Shiku alifungua duka lake. Mimi nilianza kupita asubuhi mapema, hata kama sina la kununua, nagonga mabati na kuita jina lake kwa sauti, ili ajue ni nani yuko nje. Nilifanya hivyo mpaka alipolazwa. Dina alirudia mtihani mwaka uliofuata, Tina akimshikia mtoto, na sasa kuna madarasa mawili na walimu wawili.

Baada ya kumzika tulipewa chakula, na hapo Mzee Langat na Kiprono wakaanza kubishana sahani zikiwa mikononi. Mzee anaapa alisema Tina, wazi kama kengele. Kiprono anaapa alisikia Dina, na kwamba aliuliza mara mbili. Mimi hapa nimeandika kwamba aliuliza mara moja. Nimeandika pia kwamba ilikuwa Alhamisi, na kwamba Dina alivaa sweta ya kanisani, na Tina anasema ilikuwa blauzi. Wewe uliyekuwa karibu, au uliyesikia kwa aliyekuwa karibu, ukiona nimekosea herufi, siku au nguo, njoo nyumbani uniambie, nitakupikia chai na nitarekebisha bila kununa. Lakini alichosema Mama Shiku nyuma ya kiti changu usije kunirekebisha. Hapo nilisikia vizuri.